Nzi Jike Ndani ya Mtego wa Kumi na Saba

Mmenisema wiki nzima. Mmoja wenu amenisimamisha dukani nikinunua sabuni, akaniuliza nina roho gani ya kumwacha mtu mzima chini ya mchungwa, mkono mmoja ndani ya mtego, halafu naandika "ghafla" na kwenda zangu. Kosa nimelikubali. Turudi pale pale nilipoishia wiki iliyopita, mkono bado haujatoka.

Mtu mwenyewe ni mkaguzi wa mitego wa Bodi ya Matunda, miaka ishirini na sita kazini. Wakulima wanamwita Bwana Chupa, kwa sababu ya vichupa vya kioo vinavyogongana mfukoni mwake anapotembea. Mtego ni kikopo cha plastiki cha njano kinachoning'inia tawini, namba kumi na saba, shambani kwa mjane anayeitwa Mama Safu. Na ndani ya kikopo kile, baada ya miaka mitano ya kukuta vumbi tupu, mlikuwa na nzi.

Bwana Chupa alimtoa kwa kibano, akamlaza kiganjani. Kiuno chembamba, mgongo wenye mistari miwili ya njano. Hakuhitaji kitabu. Huyu ndiye aliyeyamaliza mabonde mawili ya jirani. Hutaga mayai ndani ya tunda likiwa bado mtini, nje linang'aa, ndani limekwisha.

"Ni yeye?" aliuliza Mama Safu nyuma yake.

"Ni yeye."

Alikuwa ameshika sinia lenye vikombe viwili. Kila Jumanne ya pili, siku ya mitego, sinia lile lilitoka jikoni na vikombe vile vile. Cha Bwana Chupa kilikuwa na ufa kwenye kishikio, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kukitumia kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuja.

Mkulima mwingine yeyote angeliangusha sinia lile kwa hofu. Mama Safu aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo sasa utakuwa unakuja kila siku?"

Bwana Chupa akamjibu kwamba ndiyo, akipatikana nzi mkaguzi lazima afike kila asubuhi, siku ishirini na moja mfululizo. Mama Safu akatikisa kichwa polepole, akasema chai inapoa.

Swali hilo liwekeni mfukoni. Mtalihitaji.

Sasa mjue nzi mmoja ana uzito gani. Akikutwa nzi huyo, mkaguzi anajaza Fomu Nyekundu papo hapo mbele ya mwenye shamba. Fomu ikichanwa kitabuni hairudi, namba yake inasubiriwa makao makuu. Inakwenda maabara siku hiyo hiyo pamoja na nzi mwenyewe, na maabara ikithibitisha, bonde zima linafungwa. Hakuna chungwa linalovuka kizuizi cha barabarani. Karatasi bila nzi haifungi kitu, na nzi bila karatasi ni mdudu kama wadudu wengine.

Na siku yenyewe ilikuwa mbaya kuliko zote. Alhamisi, yaani keshokutwa yake, mgeni rasmi angefungua msimu wa mavuno na kufunua bango refu kama nyumba. Kwenye bango hilo yumo Mama Safu mwenyewe, anacheka, ameshika chungwa la rangi ya dhahabu, na chini yake maneno: Bonde Safi, Tunda Safi. Bodi ilimchagua kwa ajili ya miti yake. Marehemu mumewe aliipanda kwa kamba, mstari baada ya mstari, hakuna mti uliotoka nje hata kwa unyayo mmoja. Ndiyo maana ya jina lake.

Mwanamke anayeonwa uso na watu wawili kwa mwezi angetazamwa na barabara nzima. Mwenyewe alipoambiwa alisema tu kwamba picha haitamsaidia kumaliza sufuria la wali.

Bwana Chupa akampigia simu Meneja wa Bodi, kama fomu inavyotaka. Meneja akasikiliza, akauliza kama nzi yu hai. Amekufa. Akauliza nani mwingine amemwona. Mwenye shamba. Akauliza kama fomu imeshachanwa. Bado.

"Usiichane," alisema Meneja. "Nipe nusu saa. Na usikae kwenye chai ya watu ukaanza kuropoka."

Nusu saa ile ndiyo iliyomponza Meneja. Mtu wa kazi hawezi kukaa bure. Bwana Chupa alimtia nzi ndani ya kichupa, kisha akatoa kioo chake cha kukuzia ili walau aseme amemtazama vizuri. Akatazama kichwa, akatazama mabawa. Alipofika mkiani, akarudia kutazama.

Mkiani palikuwa na kisindano cha kutagia mayai.

Alikuwa jike.

Msinune, nitawaeleza. Ndani ya mitego ile mna pamba iliyoloweshwa dawa yenye harufu, na harufu hiyo inawaita madume peke yao. Jike hata akipita karibu hageuki. Bwana Chupa alishatoa madume kwa maelfu katika yale mabonde yaliyokufa, mpaka akawa anawaota. Jike ndani ya mtego wa namna ile hakuwahi kumwona tangu aajiriwe.

Basi nzi huyu hakuingia. Aliingizwa.

Damu ilimchemka. Akili yake ikaenda moja kwa moja ng'ambo ya mfereji, kwa jirani mmoja aliyesema mkutanoni, tena kwa sauti, kwamba kupanda kwa kamba hakuongezi utamu na kwamba bango lile lilistahili uso mwingine. Bwana Chupa alikwisha kushika njia ya kumfuata. Alikuwa na hasira ya mtu mpole, ambayo ni mbaya kwa sababu haina mazoezi.

Alipofika kwenye uzio akakigeuza mkononi kile kikopo alichokuwa amekitungua tawini, na hapo akasimama.

Kikopo kilikuwa safi. Mtego ukikaa wiki mbili tawini unashika vumbi, utando wa buibui, kinyesi cha ndege. Huu ulikuwa umefutwa kwa kitambaa chenye maji, kifuniko chote, mpaka kwenye vile vijishimo vya waya. Adui haingii shambani kwa mtu kufanya usafi.

Akageuka kuitazama nyumba. Baraza ilikuwa imepigwa deki. Viti viwili vilikuwa vimefutwa. Kila Jumanne ya pili ndivyo ilivyokuwa, na yeye kila Jumanne ya pili alidhani ndivyo ilivyo siku zote.

Alimkuta jikoni anasuuza vikombe.

"Mama Safu. Mtego umeufuta."

"Ulikuwa na vumbi," alisema, hakugeuka.

"Kwa nini uliufungua?"

Akafunga bomba. Bomba likaendelea kudondosha tone moja moja. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti, na akaongea huku anaitazama meza.

"Ile barua uliniletea wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ukanywa chai yako, ukaniambia mvua zimechelewa. Ukaondoka."

Barua hiyo hamjaisikia, maana mimi pia nilikuwa nimewaficha. Bodi iliandika kumpongeza mkulima kwa bonde kukaa miaka mitano bila nzi. Kwa hiyo, kuanzia msimu mpya, ukaguzi wa kila wiki mbili umeondolewa, mitego itatazamwa mara moja kwa mwaka na kampuni itakayopewa zabuni, na fedha zitakazookolewa zitaelekezwa kwenye kulitangaza chungwa.

"Tangu nimzike mume wangu," Mama Safu aliendelea, "anayefungua geti lile ni wewe. Mnunuzi anapimia nje, haingii. Mwanangu anapiga simu Jumapili, dakika nne, na katika hizo nne moja inaishia kwenye kuulizana kama tunasikiana. Nikaona, akipatikana nzi mmoja, nitapata siku ishirini na moja. Sikutaka zaidi ya hizo."

Bwana Chupa akakaa. Akamwambia ukweli kwa sauti ya chini, kwamba si shamba lake tu litakalofungwa, ni bonde lote, familia arobaini, na machungwa yao yataanguka na kuozea chini ya miti.

Mama Safu alibadilika rangi. Akainuka, akafungua droo, akatoa kijitabu cha sheria za Bodi alichokitumia marehemu mumewe, kurasa zimepindika, na akaweka kidole kwenye mstari. Nzi akipatikana, shamba husika litafungwa kwa siku ishirini na moja. Shamba husika, moja. Alikuwa ameusoma mstari ule mara tatu kabla ya kugusa mtego.

Sheria ilibadilishwa mwaka uliopita. Vijitabu vipya vilikuwa vigawiwe kila nyumba, lakini havikuchapwa. Kila kreti ya machungwa katika bonde lile inabandikwa stempu ya ushuru, na stempu hiyo moja ndiyo inayolipia mitego, vijitabu na mabango. Mwaka ule mabango yalikula fedha zote, wakulima wakaambiwa vijitabu ni msimu ujao.

"Ningejua, mkono wangu ungekatika kwanza," alisema Mama Safu.

Naye Bwana Chupa akalitoa la kwake. Kwamba siku ile alikuwa na bahasha mbili, ya Mama Safu na ya kwake. Kwamba ya kwake ilimshukuru kwa utumishi na kumwambia arudishe vifaa mwisho wa mwezi. Anapanga chumba kimoja nyuma ya banda la mizani. Kiti chake cha pili alimwazima jirani miaka mitatu iliyopita na hajakidai, kwa sababu nani atakikalia? Alishindwa kumwambia habari ile. Alijua akiitamka itakuwa kweli, na kwamba hana pa kwenda siku ya Jumanne.

 Watu wazima wawili walikaa jikoni asubuhi ya saa tatu, kila mmoja anaona aibu kwa ajili ya upweke wake, na kila mmoja angetoa chochote yule mwingine asiwe ameuona. Nami nawaambia, hapo nilitamani kuiacha hadithi.

Lakini kulikuwa na njia ya kutokea. Fomu ilikuwa haijachanwa. Meneja mwenyewe hataki ichanwe. Nzi ametiwa mtegoni na mtu aliyekosea, hakuna aliyeumia, basi yaishe. Bwana Chupa akaweka kichupa mezani, akaukunja ukurasa mwekundu kando kando ili auharibu, na mkono mwingine akafunua mlango wa jiko la kuni. Mama Safu alianza kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Basi angemtia tu nzi motoni. Lakini miaka ishirini na sita ya kazi ina mazoea yake, na mdomo ukauliza wenyewe kabla ya mkono.

"Hivi huyu nzi ulimtoa wapi?"

"Hapo dirishani. Nilimkuta amekufa."

Mkono ulisimama.

Dirisha lile lilikuwa la jikoni, ndani ya bonde, ndani ya kizuizi. Mama Safu alikuwa amemchukua nzi kwa hila, lakini nzi hakuwa wa hila. Alikuwa nzi wa kweli, jike, mwenye kisindano, na alikuwa ametoka mahali.

Bwana Chupa akazungusha macho jikoni. Juu ya kabati palikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli machungwa manne, ya rangi ya dhahabu.

Sasa nje ya dirisha lile kulikuwa na miti mia mbili ya michungwa iliyojaa matunda mabivu, na hakuna hata moja lenye rangi ile. Bonde ni la joto. Chungwa la pale linaiva likiwa na ganda la kijani, tamu mpaka unafumba macho, lakini kijani. Kila mkulima anajua.

"Haya ni ya nani?"

"Ya picha," Mama Safu alijibu.

Wiki mbili na nusu zilizopita alikuja Afisa Matangazo wa Bodi, binti mmoja mchangamfu mwenye kamera. Akayatazama machungwa ya mtini, akasema kwa mbali yanaonekana kama ndimu kubwa, hayatauza. Akarudi kesho yake na gari la Bodi na machungwa ya dhahabu kutoka nje ya bonde. Mama Safu akashikishwa moja, akaambiwa acheke. Alicheka kweli, maana siku ile nyumba ilikuwa na watu watano. Walipoondoka walimwachia bakuli zima la zawadi. Hakuyala. Aliyaacha pale juu kwa sababu yalimkumbusha siku yenyewe.

Kuingiza tunda lolote bondeni ni kosa. Kizuizini hapo wanampekua hata mgonjwa anayetoka hospitali na ndizi yake. Lakini gari la Bodi haliguswi.

Bwana Chupa akachukua kisu, akapasua chungwa la kwanza. Ndani palikuwa pamegeuka uji, na ndani ya uji funza weupe walikuwa wanajinyonganyonga. Mama Safu akafunika mdomo kwa kanga.

Honi ikapigwa getini.

Meneja aliingia jikoni bila hodi, na viatu vyake vya kung'aa, na tabasamu la kuja kumaliza jambo. Akaiona fomu iliyokunjwa na jiko lililo wazi, akasema vizuri sana, ndiyo maana nawapenda watu wa zamani. Kisha akaliona lile chungwa. Tabasamu likabaki peke yake usoni, macho yakiwa yameshaondoka.

Mkaguzi akamuuliza kreti zilizovuka kizuizi siku ile ya picha zilikuwa ngapi. Meneja akasema hayo si ya sasa. Akaulizwa tena. Akasema tatu.

"Moja ndiyo hii ya picha. Mbili ziko wapi?"

Meneja alikohoa. Jana Jumatatu kulikuwa na mazoezi ya sherehe ukumbini. Kila familia ilipewa mfuko wa machungwa ya dhahabu, ili Alhamisi watoto wayainue juu mbele ya kamera. Mifuko arobaini. Imelala jana kwenye nyumba arobaini, kila nyumba imezungukwa na michungwa yake.



Bwana Chupa akainyoosha fomu juu ya meza, akatoa kalamu. Meneja akamwangalia, akawaza haraka, kisha akafanya jambo la ajabu. Alikubali.

"Andika," alisema kwa upole. "Andika amepatikana mtegoni."

Mkaguzi alimwelewa papo hapo, na ninyi mkitulia mtamwelewa. Maabara wakiletewa jike na karatasi inayosema ametoka katika mtego wa madume, watacheka na kuitupa yote kama udanganyifu. Bonde halitafungwa. Alhamisi itafika, bango litafunuliwa, na wiki chache baadaye machungwa yataanza kuanguka.

Ukweli peke yake ndio ungesimama maabara. Nzi amepatikana dirishani, ametoka katika matunda haya. Lakini chini ya mstari huo kuna mstari mwingine: je, mtego umeguswa na mtu asiyehusika? Na adhabu ya kugusa mtego Bwana Chupa aliijua kwa moyo, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wakulima. Leseni inafutwa, shamba linachukuliwa na Bodi. Miti mia mbili iliyopandwa kwa kamba na mtu aliyekufa.

Kalamu ilikaa hewani. Alimtazama Mama Safu, na Mama Safu alikuwa anatazama nje, kwenye mistari.

"Andika dirishani," alisema.

"Watakunyang'anya shamba, dada yangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mama Safu aligeuka.

"Nimesikia. Wale wana watoto. Andika, na la mtego uandike ni mimi."

Akaandika. Herufi zikatoka nzuri kama za mtihani. Mama Safu akatia sahihi. Kisha Bwana Chupa akaichana fomu kitabuni, na jikoni pakasikika sauti ile ya karatasi.

Meneja hakupiga kelele. Watu wa namna ile wakikasirika wanakuwa na adabu. Akasema kwamba kwa mamlaka aliyo nayo, shamba lililochezewa mtego linafungwa sasa hivi, hili peke yake. Mkaguzi amesimamishwa kazi kwa kuchelewesha taarifa, aache kioo, kibano na ufunguo. Bonde litafungwa maabara ikisema, na maabara haijasema kitu. Akamwita dereva alete mnyororo ulioko nyuma ya gari na lile bakuli alichukue likateketezwe.

Walitoka wote mpaka getini. Pale Meneja alitulia, akageuza sauti ikawa tamu.

"Sheria unaijua, mzee wangu. Atakayekuwa ndani mnyororo ukifungwa atabaki ndani siku ishirini na moja. Atakayekuwa nje haingii, ila mkaguzi, na wewe si mkaguzi tena. Mimi sikufukuzi. Ukitaka, baki. Chai ipo."

Mwovu yule alikuwa na macho. Alikuwa ameviona vikombe viwili.

Bwana Chupa alisimama kwenye mstari wa geti, na sitawadanganya, alitaka kubaki. Alitaka kwa mwili wote. Siku ishirini na moja za kuamka na kukuta mtu. Nje kulikuwa na chumba chenye kiti kimoja. Fomu ingekaa mfukoni mwake, nani angemlaumu, geti limefungwa na Meneja mwenyewe. Mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kurudi ndani.

Mama Safu aliuona mguu ule. Hakuna mtu duniani aliyetaka urudi kuliko yeye. Akamshika mkaguzi kiwiko, akamsukuma nje taratibu, kama unavyomtoa mgeni ambaye mvua inataka kumkuta njiani.

"Nenda. Mifuko ni arobaini."

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea," alisema Mama Safu.

Dereva akapitisha mnyororo, akabana kufuli. Gari likageuza, likatimua vumbi kuelekea mjini. Wao wakabaki wawili, na geti katikati.

Mara Bwana Chupa akaanza kutembea, na hatua ya tatu akasimama. Kuna sauti aliyoizoea ilikuwa imepungua. Akatia mkono mfukoni, akavihesabu vichupa kwa vidole. Akavitoa, akavihesabu kwa macho. Vyote vilikuwa vitupu. Kile chenye nzi alikiweka mezani jikoni, alipofunua jiko.

"Meneja alikitia mfuko wa shati," Mama Safu alisema kutoka ndani ya geti. "Nilidhani ni kalamu."

Nzi amekwenda. Bakuli limekwenda. Mkononi amebaki na karatasi nyekundu peke yake, na karatasi bila nzi nimeshawaambia. Ushahidi uliosalia ulikuwa katika mifuko arobaini, na mifuko hiyo ndiyo sumu yenyewe. Ilimbidi aifikie kabla haijafunguliwa, kwa miguu, bila cheo.

Ilikuwa saa nne na robo. Ng'ambo ya mfereji kengele ya shule ilikuwa imegongwa kwa mapumziko, na sauti za watoto zilikuwa zinamwagika kwenye njia za mashambani.

Bwana Chupa akakaza mwendo. Hakuwa amefika hata kona ya kwanza alipotazama chini, akaacha kutembea.

Mbele ya kiatu chake, chini ya mchungwa wa jirani, kulikuwa na ganda la chungwa, bado bichi. Lilikuwa la rangi ya dhahabu.